Bukini wangu hunona kwa ukoka kwanza, mahindi baadaye

Kila ikikaribia Krismasi nasikia maneno yale yale: bata bukini hanoni, ni mifupa na makelele tu. Wengi wanaosema hivyo waliwafungia bandani wakawamwagia pumba kavu. Mimi hapa Tengeru, Arusha, nilichinja watano Desemba iliyopita, na dume mkubwa alikuwa na kilo kama sita akiwa hai.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni wa muuza vyakula vya mifugo aliyetaka niwalishe kama kuku wa nyama tangu mwanzo mpaka mwisho. Bukini ni mla majani. Kifaranga akizidishiwa protini, manyoya ya bawa hukua upesi kuliko kiungo kinavyoweza kuyabeba, bawa likapinda kwa nje na kubaki hivyo. Ukimpa pumba tupu nako, miguu inalegea kwa kukosa niasini, aina ya vitamini B, ambayo jamii ya bata huihitaji kuliko kuku. Ndiyo maana wangu, wakiwa wadogo, huchanganyiwa dagaa kidogo wa kusaga.

Baada ya hapo ni malisho. Kando ya mfereji unaoshuka kutoka Mlima Meru kuna ukoka mbichi hata kiangazi. Bukini hula ncha changa tu. Majani marefu yaliyokomaa huyakanyaga na kupita, kwa hiyo nafyeka kwanza, yakichipua ndipo nawapeleka. Majani ya mparachichi nayaondoa yote, ni sumu kwa ndege.

Kuwanonesha hasa ni kazi ya mwezi wa mwisho. Jirani yangu alisikia kwamba Ufaransa bata hushindiliwa mahindi kooni kwa bomba ili maini yao yawe makubwa, akaamua kuwatia wake matonge ya ugali. Nilikuwepo. Yeye kambana bukini kwa magoti, mkewe kashika mdomo, tonge likaingia, likafuata la pili. Ndege akatikisa shingo mara mbili, akatapika vyote kwenye kanga ya mama. Tangu hapo kila wakimwona mzee anakuja walikimbilia migombani, na hata chakula walichokuwa wakila wenyewe wakakiacha. Krismasi ilipofika vidari vyao vilikuwa vikali vya kukata mkono. Ndege mwenye hofu hanenepi, na kumtesa hivyo ni dhambi.

Mimi naloweka mahindi usiku kucha, namwaga maji, nayafunika kwa gunia lililolowa mpaka siku ya pili au ya tatu vijimizizi vyeupe vitokeze. Kisha yanaingia kwenye karai, na maji juu yake kama vidole viwili. Hapo ndipo penye siri yote! Bukini huzamisha mdomo, anachota punje na maji kwa pamoja, hapaliwi, na kuku hawana la kuiba. Nawapa jioni tu, wakirudi malishoni na njaa bado ipo. Karai naliacha ndani hadi asubuhi maana bukini hula hata gizani. Ukiamka saa nane usiku unasikia midomo ikigonga bati. Kwa wale watano yalienda madebe mawili hivi, na bei ya debe mnaijua inavyopanda na kushuka. Ila mahindi ya ukungu usipokee hata ya bure. Sumukuvu huwaua bata upesi kuliko kuku.

Kupima napima kwa vidole. Ukiingiza mkono chini ya bawa ukakuta pedi laini ya mafuta, na mfupa wa kifua haukuchomi, yuko tayari. Usiku wa kuamkia kuchinja anapewa maji tu.

Kunyonyoa ndiko kunakowashinda watu, kwa sababu manyoya yana mafuta na maji hayapenyi. Tia sabuni ya maji kidogo kwenye maji ya moto yasiyochemka, mkandamize humo ukiyasugua kinyume, halafu mfunge kwenye gunia dakika chache. Malaika, yale manyoya laini ya ndani, hutoka kwa viganja. Sabuni suuza vizuri.

Jikoni, toboatoboa ngozi bila kugusa nyama, mweke juu ya wavu na sufuria chini. Mafuta yatakayochuruzika usimwage. Yachuje ukayatie kwenye chupa ya mdomo mpana. Nyumbani kwangu ndiyo yanayokaanga ndizi mpaka Januari inaisha.