Mkono Kwanza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la wiki hii ni Isaya 41:13: "Kwa maana mimi, Bwana, Mungu wako, nitakushika mkono wako wa kuume, nikikuambia, Usiogope, mimi nitakusaidia."

Mtoto amelala chumbani kwake. Anamulikwa taa usoni, anaamka akifikicha macho, na mara mjusi anatupwa juu ya shuka. Mtoto anajikunyata. Anayefanya hayo yuko nyuma ya kamera, anarekodi. Ni baba yake mzazi, mtaalamu wa saikolojia anayechunguza hofu, na mtoto wake ndiye amemgeuza kuwa kitu cha kufanyia majaribio.

Hiyo ni sehemu ya filamu ya Kiingereza iitwayo Peeping Tom, ya mwongozaji Michael Powell, iliyotoka mwaka 1960. Mdogo wangu anasomea mambo ya filamu chuoni, akapewa kazi ya kuiandikia, akaja tukaitazama naye sebuleni. Mke wangu alinyanyuka pale pale kwenye mjusi, akaenda kulala. Sisi tulibaki. Yule mtoto, Mark, amekuwa mtu mzima, mpole wa sauti, anafanya kazi ya kamera studio. Usiku anaua wanawake. Kwenye mguu wa kamera ameficha ncha ya chuma, na juu yake amefunga kioo, ili anayekufa aone uso wake mwenyewe ukiwa na hofu, naye ainase hofu hiyo kwenye filamu. Damu huioni. Unachoona ni nyuso. Mdogo wangu alikwenda kulala bila kuzima taa. Mimi nilikaa kitandani macho makavu hadi jogoo la kwanza, na si kwa sababu ya yule muuaji.

Watu wa London walipoiona mwaka ule walichukizwa vibaya sana. Mhakiki mmoja aliandika kwamba dawa yake ni kuizoa kwa koleo na kuitupa kwenye mfereji wa maji machafu, na hata hapo uvundo ungebaki. Iliondolewa mapema kwenye majumba ya sinema. Powell, aliyekuwa anaheshimika kama mmoja wa waongozaji wakubwa wa nchi yake, akakosa kazi kwao, baadaye akaenda kutengeneza filamu Australia. Kila nikisoma habari hizo najiuliza kilichowauma hasa ni nini, maana filamu za mauaji walikuwa wanazitazama tangu zamani. Nadhani ni hiki: filamu inapoanza, wewe mtazamaji unamwona mwanamke kupitia kamera ya muuaji. Umekaa kwenye kiti umelipa kiingilio, kumbe umeshikishwa kamera. Hakuna anayependa kuonyeshwa hivyo.

Mimi nilionyeshwa. Ndiyo maana usingizi uligoma.

Miezi kadhaa iliyopita, kwenye kundi letu la ukoo, ndugu mmoja alituma video. Mtoto wa miaka mitatu au minne yuko ukumbini anachezea kifuniko cha chupa. Mtu aliyevaa kinyago anachomoza nyuma ya pazia. Mtoto anapiga ukelele, anakimbia, anajigonga kwenye kochi, watu wanaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Niliweka vile vikatuni vya machozi ya kicheko, vitatu kwa mpigo, nikaituma kwenye kundi la vijana wa kanisa. Mimi mzee wa kanisa.

Usiku ule baada ya filamu niliitafuta ile video kwenye simu, nikaitazama tena bila sauti. Sekunde kumi na nane. Mtoto anapokimbia, hakimbilii mlangoni. Anakuja moja kwa moja kwenye simu inayomrekodi, mikono yote miwili juu, kwa sababu aliyeshika simu ni mtu wake. Anakua mkubwa kwenye picha mpaka unaona utosi tu na vidole. Na picha haitikisiki, wapendwa. Imetulia kabisa hadi mwisho. Maana yake hakuna aliyeinama, hakuna aliyeiweka simu chini. Mtoto amefika alikokimbilia akakuta mikono ina kazi nyingine.

Nilirudi kwenye Neno nikiwa nimelemewa. Isaya 41 naijua kwa kichwa tangu kipaimara, ila sikuwahi kuona mpangilio wake. Bwana hasemi "usiogope" halafu akasubiri upoe ndipo akushike. Anasema nitakushika mkono, nikikuambia. Mkono unatangulia, neno linakuja huku umeshikwa.

Nikaanza kufuatilia. Petro anazama ziwani, anapiga kelele. Mathayo 14:31 inasema, "Mara Yesu akanyosha mkono wake, akamshika, akamwambia, Ewe mwenye imani haba, mbona uliona shaka?" Kukemewa kupo, lakini Petro anakemewa akiwa ameshikwa, maji hayampati tena. Binti Yairo, Marko 5:41: "Akamshika mkono kijana, akamwambia." Mkono, kisha neno.

Halafu nikafika kwenye andiko ambalo sisi tunalitumia kama fimbo. Mtu anakuja kwenye maombi anatetemeka: ameota vibaya, au daktari amemwambia kuna uvimbe, au mume amepigwa na watu wasiojulikana. Tunamfungulia 2 Timotheo 1:7: "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Tunamwambia kemea hiyo roho, anaondoka. Nimefanya hivyo mara nyingi mno. Anaondoka na vitu viwili sasa: ile hofu aliyokuja nayo, na aibu ya kuonekana hana imani. Lakini someni alipoanzia Paulo. Aya ya 4 anamwambia Timotheo kwamba anayakumbuka machozi yake. Aya ya 6 anamkumbusha karama iliyo ndani yake "kwa kuwekewa mikono yangu." Ndipo inakuja ile ya 7. Paulo alikuwa ameona machozi ya kijana huyu na kumgusa kichwa kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kumwandikia habari za woga. Sisi tumekata aya moja tukaacha mikono nyuma.

Ile filamu inaisha kwa sauti tupu. Mark amekufa kwa kifaa chake mwenyewe, na kwenye kanda za zamani inasikika sauti ya baba ikimwambia asiwe mjinga, hakuna cha kuogopa. Kisha sauti ya mtoto inamtakia baba usiku mwema na kumwomba amshike mkono. Basi. Hatusikii jibu. Baba alimpa neno, na lilikuwa neno la kweli pia, maana mjusi hana madhara yoyote. Mkono ndio haukutoka. (Jambo linalonisumbua hadi leo ni kwamba yule baba aliigizwa na Powell mwenyewe, na yule mtoto ni mwanawe wa kumzaa. Sijui nifikirie nini.)

Nisieleweke vibaya. Siwaambii mkaitafute filamu hiyo, na mwenye watoto ndani asiithubutu. Lakini pia siwezi kusimama na wale waliosema itupwe mtaroni, kwa sababu mimi imenifikisha mahali ambapo mahubiri mengi hayakunifikisha. Dilys Powell, mhakiki wa Sunday Times ambaye hakuwa na udugu na Michael, naye aliilaani mwaka 1960. Mwaka 1994, akiwa mwanamke wa zaidi ya miaka 90, aliandika upya kuwa ni kazi ya kiwango cha juu kabisa, na kwamba kama huko ng'ambo ya kifo watu wanaruhusiwa kuzungumza, ataona ni wajibu wake kumtafuta Powell amwombe radhi. Powell alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Nampenda bibi huyo. Miaka thelathini na nne, na bado akaona deni halijaisha.

Na yupo yule aliyeigiza Mark. Anaitwa Karlheinz Böhm. Mwaka 1981 alikuwa kwenye kipindi cha runinga nchini Ujerumani, akawachokoza watazamaji wachange walau kidogo kidogo kwa ajili ya wenye njaa barani Afrika. Fedha zilizopatikana akazipeleka Ethiopia, akaanzisha shirika la Menschen für Menschen, yaani watu kwa ajili ya watu. Alianzia bonde la Erer, mashariki mwa nchi, kwa watu waliokuwa wakiishi kambini, na kazi hiyo ya visima, shule na zahanati aliifanya miaka yake iliyobaki. Waethiopia walimpa uraia wa heshima. Alifariki mwaka 2014. Sidai kwamba filamu ndiyo iliyompeleka huko, hilo ni lake na Mungu wake. Ila nikiziona picha zake za uzeeni amewashika watoto wa Erer, nakumbuka mikono ileile ikiwa na kamera.

Ile video nimeifuta. Kwenye kundi la vijana nimeomba radhi kwa maandishi, na ndugu yangu aliyeituma nimempigia. Aliniambia ni utani tu, mtoto mwenyewe ameshasahau. Hatujaelewana bado.

Jumatano umeme ulikatika kwetu kama saa nne usiku. Kitu kikaanguka jikoni kwa kishindo, na mwanangu wa miaka sita akaita kutoka chumbani, "Baba, kuna kitu." Nilikuwa nimejilaza. Mdomo ulishaanza wenyewe: "Hakuna ki..." Nikanyamaza. Nikainuka, nikapapasa ukuta hadi kitandani kwake, nikautafuta mkono wake chini ya chandarua. Ulikuwa umelowa jasho. Hatukusema neno. Tulitembea wote wawili gizani hadi jikoni, yeye mbele kidogo, akanionyesha mfuniko wa sufuria umelala sakafuni.