Miaka Miwili Isiyo na Makala

Mwaka jana niliitwa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo ya chuo kikuu ninakofundisha, baada ya kuomba cheo cha mhadhiri mwandamizi. Mwenyekiti alipekua wasifu wangu ukurasa baada ya ukurasa, akasimamisha kidole katikati ya orodha ya makala, kisha akauliza kwa upole: "Miaka miwili hii, Daktari, ulikuwa wapi?" Nilijibu kwamba nilikuwa Lamu, nyumbani, nikilea. Hakuna aliyekasirika wala aliyecheka; karani aliandika neno moja, mazungumzo yakahamia jambo jingine, na baada ya miezi mitatu ikanijia barua ya kunitaka niombe tena machapisho yangu yatakapofikia idadi inayotakiwa. Nimekaa na barua hiyo muda mrefu. Leo nataka kulijibu lile swali kwa urefu unaolistahili, kwa kuwa siku ile sikulitendea haki.

Mwanangu wa kwanza, msichana, alizaliwa nikiwa Ubelgiji, katika mwaka wa tatu wa masomo yangu ya uzamivu. Adhana katika sikio lake la kulia ilisomwa na baba yangu, nami niliisikia kwa simu iliyoshikwa na shangazi, sauti ikikatikakatika. Siku ya saba alinyolewa nywele na akika ikachinjwa, wakati mimi nilikuwa maabara nikipima vipande vya mbao za mikoko nilivyovisafirisha kutoka kwetu. Niliporudi alikuwa na miezi kumi na minne, na alipoambiwa "huyu ndiye baba" alikimbia akajificha nyuma ya buibui la bibi yake. Sijutii elimu niliyoipata, lakini ni lazima niseme wazi kwamba gharama yake ililipwa na mke wangu na mama yangu, na kwamba hakuna ukurasa wa wasifu wangu unaowataja. Makala nne nilizozitoa katika kipindi hicho ndizo kamati ilizozisifu.

Kazi yangu ni utafiti wa mikoko, na Lamu ndiko iliko zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kuna aina tisa katika pwani yetu, na wakata boriti waliozijua kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa nchini wana jina kwa kila moja: mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, muia, mlilana, mkomafi na nyinginezo. Kupima msitu huu hakufuati kalenda ya ofisi. Maji hupwa sana wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huku kwetu kina cha chini kabisa huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo mtu huweza kuingia katika tope, kuweka mraba wake wa mita 10 kwa 10, kupima kipenyo cha kila shina kwa kimo cha mita 1.3, na kutoka kabla njia ya mashua haijabadilika. Ukizikosa siku hizo, husubiri hadi bamvua ijayo. Mhadhiri wa somo langu mwenye mtoto mgonjwa siku ya bamvua ana uamuzi mmoja tu wa kufanya, na hawezi kuuahirisha hadi kesho.

Mwanangu wa pili, mvulana, alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, akiwa na kilo moja na gramu mia sita. Safari hii nilikuwepo, na adhana niliisoma mwenyewe, nikiwa nimevaa joho la hospitali na nimeinamia kisanduku cha kioo, kwa sauti ndogo ili nisiwashtue watoto wengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili, wote kwa mshahara kamili, nami ninashukuru kwamba hata hizo zipo. Hata hivyo mtu wa kwetu akizihesabu siku hizo huona mara moja kasoro yake. Mzazi, yaani mama aliyejifungua, hukaa ndani siku arobaini. Siku ya kumi na nne, ile niliyotakiwa kurudi darasani, mtoto wangu alikuwa bado hajaweza kunyonya.

Muuguzi mmoja alinifundisha jambo ambalo miaka yangu yote ya masomo haikunifundisha. Alinivua shati, akamweka mtoto kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa leso ya mke wangu, akaniambia nisitoke kitini. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati abebwe hivyo kati ya saa 8 na saa 24 kwa siku, na mwaka 2022 likaongeza kwamba kazi hiyo ianze mara tu baada ya kuzaliwa. Saa nane ni siku nzima ya kazi, na mama aliyepasuliwa hawezi kuzibeba zote peke yake. Kwa hiyo tulipokezana. Nilijaribu kusoma tasnifu ya mwanafunzi wangu wa uzamili katika hali ile, nikagundua kwamba kila nilipofunua ukurasa bega langu lilipanda na yule mdogo akashtuka, vidole vyake vikafunguka vyote kwa pamoja. Niliiweka tasnifu chini. Pumzi zake zilikuwa fupi, mara nyingine zikisimama kidogo kabla ya kuendelea, nami nikajikuta nazihesabu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile miaka miwili. Sikuacha kufundisha, kila wiki nilipanda basi kwenda kazini na kurudi, njia ya Witu na Garsen, kisha boti kutoka Mokowe. Nilichokiacha ni kila kitu kinachofanyika nje ya darasa na ambacho kwa hakika ndicho kinachohesabiwa: makongamano, safari za utafiti, usiku wa kuandika. Vipimo vya miche ya mikoko nilivyokuwa nimevichukua kila msimu vilikatika kwa misimu minne, na pengo hilo haliwezi kuzibwa, kwa sababu miche iliyokufa wakati huo haikuacha alama. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba nachukulia utafiti kuwa jambo dogo. Nilipoteza kitu ninachokipenda, na nilikipoteza kwa kujua.

Wapo waliokwisha kulifikiria tatizo hili, ingawa nusu nusu. Baraza la Utafiti la Ulaya, linapohesabu miaka ya mtafiti tangu apate uzamivu, limekuwa likimwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto, na baba humwongezea muda ule tu wa likizo aliyoichukua na anayoweza kuithibitisha. Nasifu sehemu ya kwanza kwa moyo wote. Wenzangu wa kike wamebeba mzigo huu tangu zamani, wengi bila hata swali la "ulikuwa wapi", kwa sababu walikuwa wameshaachwa nyuma kabla ya kufika mbele ya kamati yoyote. Lakini itazame sehemu ya pili kwa macho ya baba wa Kenya. Sheria yangu ilinipa wiki mbili, basi ninachoweza kuthibitisha ni wiki mbili, na miezi iliyobaki ya kubeba, kupeleka kliniki na kukesha inahesabiwa kuwa ni uvivu. Utaratibu wa namna hii humfunza baba kijana kwamba afadhali asiwepo. Ndiyo maana naona fomu zetu za kupandishwa cheo zinahitaji mstari mmoja wa malezi, kwa mama na kwa baba, na makala zigawanywe kwa miaka ambayo mtu aliweza kweli kufanya utafiti.

Siku hizi mimi na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, tunaugawa mwezi kwa makubaliano. Siku za bamvua ni za mikoko. Maji mafu yakiingia, yaani siku za kati ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, mimi ndiye ninayepika uji wa asubuhi, na huandika kati ya alfajiri na saa moja, kabla watoto hawajaamka. Baina ya magharibi na isha simu yangu huwa imezimwa. Wakati huo msichana wangu huwa ametoka chuoni, maana kwetu chuo ni mahali pa kusomea Kurani, na siku moja aliniuliza kwa dhati kabisa: "Baba, na nyinyi chuoni kwenu mwahifadhi nini?"

Bamvua ya mwezi uliopita nilimchukua. Alishika daftari na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki palipo na unyevu, na kila nilipotaja kipimo alikirudia kwa sauti kabla ya kukiandika. Aliona mbegu ya mkoko iliyokwisha kuota ikiwa ingali juu ya mti, ndefu kama mkono wake, akataka kujua itashuka lini. Nikamwambia kuwa hata mimi ningependa kuijua siku yenyewe, tukaifunga uzi mwekundu ili tuje kuitazama.

Maombi ya cheo yanafunguliwa tena baada ya miezi michache, nami nitayapeleka. Katika ile miaka miwili, mahali palipoachwa wazi, nitaandika tarehe aliyozaliwa mwanangu na uzito wake.