Kuta za Belfast na jenerali aliyepitia kwetu kwanza

Jumatatu ya Pasaka

Nimeishi Uingereza muda wa kutosha kujua kwamba ukitaja Mau Mau mbele ya wazee wa huku, mazungumzo huhamia kwenye hali ya hewa. Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, ni kwingine. Dereva wa teksi nyeusi aliyetuzungusha Falls Road, mtaa wa Wakatoliki wanaotaka Ireland yote iwe moja bila Uingereza, aliuliza natoka wapi. Nikamjibu Kenya, upande wa Nyeri. Akasema jina moja tu, "Kitson," kisha akanyamaza mpaka taa zikawaka kijani.

Frank Kitson, jenerali wa baadaye, alifika Kenya mwaka 1953, afisa kijana wa ujasusi wa Uingereza, katikati ya Hali ya Hatari. Kazi iliyompa sifa ni ya magenge bandia: wapiganaji waliokamatwa wakageuzwa, wakarudishwa msituni wakijifanya bado ni wa Mau Mau, ili wawanase wenzao. Alipata nishani, akaandika vitabu, na kuanzia 1970 hadi 1972 alikuwa Belfast akiongoza brigedi ya 39 ya jeshi la Uingereza. Katika siku tatu za Agosti 1971, huko Ballymurphy, mtaa wa Belfast, watu 10 walipigwa risasi wakafa, akiwemo padri na mama wa watoto wanane. Mei 2021, miaka 50 baadaye, jaji aliyechunguza vifo hivyo alisema wote 10 hawakuwa na hatia yoyote, na kwamba 9 kati yao waliuawa na wanajeshi. Ballymurphy haikumngoja jaji. Ilikuwa imeshawachora ukutani.

Hapo ndipo wivu ulipoanza kunipanda, na sioni haya kuuita wivu.

Maana michoro yenyewe ni mikubwa kuliko picha za mtandaoni zinavyoonyesha. Bobby Sands, mpiganaji wa IRA, jeshi la siri lililopigana kuwatoa Waingereza, yuko kwenye ubavu wa ofisi ya Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland moja, kona ya Sevastopol Street, ana nywele ndefu na anatabasamu kama kijana aliyepigwa picha kwenye harusi ya binamu yake. Alikuwa na miaka 27 tu. Alifia gerezani Maze tarehe 5 Mei 1981 baada ya siku 66 za kugoma kula, akidai yeye na wenzake wahesabiwe kuwa wafungwa wa kisiasa, si wahalifu. Alikufa akiwa mbunge, kwa sababu wapiga kura wa Fermanagh na South Tyrone walikuwa wamemchagua akiwa kitandani gerezani. Wengine 9 walimfuata kaburini kabla ya mgomo kwisha Oktoba mwaka huo. Pembeni mwa uso wake wameandika maneno yake: kisasi chetu kitakuwa kicheko cha watoto wetu. Watoto walikuwa wanapita na baiskeli wala hawakuinua macho.

Mbele kidogo, Divis Street, ule ukuta mrefu wanaouita wa kimataifa ulikuwa na Wapalestina, na Mandela, na Frederick Douglass, Mmarekani aliyetoroka utumwa na kuzunguka Ireland akihutubia mwaka 1845. Hubadilishwa mara kwa mara. Anayerudi baada ya mwaka hukuta jambo jipya limepakwa juu ya la zamani, na hakuna anayelia. Nilipenda hilo. Sanamu ya shaba ikishasimama imesema yake, lakini ukuta huu unahitaji mtu aje tena na ngazi na ndoo, na asipokuja, mvua ya Belfast humaliza kazi upesi.

Pasaka ndiyo siku yao kuu, kwa ajili ya mapinduzi ya Dublin ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza. Watu walikuwa na beji za karatasi za yungiyungi kifuani, bendera za kijani, nyeupe na rangi ya chungwa kwenye kila nguzo, na bendi za filimbi zikielekea makaburi ya Milltown. Mmoja wa waliouawa kwa ajili ya mapinduzi hayo ni Roger Casement, na Mswahili yeyote aliyesoma habari za Kongo anapaswa kumjua: ripoti yake ya 1904 ndiyo iliyoanika mikono iliyokatwa na vijiji vilivyoteketezwa kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold. Dola ile ile iliyomtuma Kongo ilimnyonga London, Agosti 1916, ikamzika ndani ya gereza. Ireland ilidai mwili wake mpaka ukarudishwa 1965. Nikamkumbuka Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Familia yake haijawahi kukabidhiwa mwili.

Sisi tulifanya nini? Marufuku dhidi ya Mau Mau, ya wakoloni, tuliiacha kwenye vitabu vya sheria mpaka 2003. Sanamu ya Kimathi ilisimama Nairobi mwaka 2007. Mnara wa walioteswa uliopo Uhuru Park ulizinduliwa 2015, na aliyeulipia ni Uingereza, kama sehemu ya fidia. Nilimweleza dereva hili la mwisho akacheka hadi akashika usukani kwa mikono miwili. Falls Road, alisema, mnara wa namna hiyo usingemaliza usiku mmoja.

Lakini nilikuwa na swali langu pia. Divis hiyo hiyo ndiko alikotolewa Jean McConville, Desemba 1972. Mjane, mama wa watoto 10. IRA walimchukua nyumbani kwake mbele ya wanawe wakisema ni mpelelezi, wakamuua, wakamzika kwa siri. Mifupa yake ilionekana ufukweni, upande wa kusini wa mpaka, mwaka 2003. Nilitazama ukuta wote sikumwona. Nilipouliza, dereva alijibu polepole kwamba michoro huchorwa na mtaa, kwa ajili ya mtaa. Hakukasirika, ila kicheko kilikuwa kimeisha. Na ng'ambo ya ule uzio mrefu wa chuma, Shankill, wanaoipenda Uingereza wamechora wafu wao, nao hawakuchora wale waliouawa na watu wao. Mageti kati ya pande hizi mbili bado hufungwa usiku.

Jioni, hotelini, nilimpigia mama. Nilikuwa nimepandwa na moto wa mtalii: nikamwambia hata kule kwetu ule ukuta wa maduka, unaotazama barabara ya soko, ungefaa kabisa. Tungewachora waliokwenda msituni kutoka kijijini, kwa majina, tusingoje serikali wala hisani ya Waingereza. Vijana wa kuchora wapo, hao hao wanaopamba matatu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha jambo ambalo nyumbani halisemwi mezani. Babu, baba yake, alikuwa msituni. Mdogo wake babu alikuwa ngati, askari wa ulinzi upande wa serikali, na alilinda kile kile kijiji chenye handaki na miiba ambamo cucu, yaani bibi, alifungiwa na watoto. Baada ya uhuru walirudi kulima mashamba yanayopakana. Walizikwa hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake, na wajukuu wa wote wawili ndio wenye hayo maduka. Kwetu hakuna Falls na Shankill, hakuna uzio wa kila mmoja kuchorea wake upande wake.

"Chora basi," mama akasema. "Ila babu yako mdogo utamweka wapi? Na ukimwacha, kodi ya hilo duka utamlipa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza habari za mvua.