Leo dada hakuinuka

Saa mbili nzima na dada yangu, bila kugombana. Wanaotujua wataelewa uzito wake.

Yeye anapinga utoaji mimba kabisa. Mimi nasema uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe. Miaka yote mada hiyo ikiguswa tu, mmoja wetu huinuka akaondoka (mara nyingi mimi, nakiri).

Leo nikamsimulia habari ya Boston, Marekani.

Mwaka 1994 mtu mwenye bunduki alishambulia kliniki mbili za utoaji mimba karibu na pale, akaua wanawake wawili. Baadaye wanawake sita, viongozi, watatu kila upande, wakaanza kukutana kwa siri. Walikutana zaidi ya miaka mitano kabla ya kujitokeza hadharani 2001.

"Wakakubaliana?"

Wapi! Hakuna aliyehama upande. Hata neno la kuita kilichomo tumboni lilikuwa kazi kulipata. Ila waliacha kutukanana.

Dada akanyamaza, anazungushazungusha kikombe kitupu. Kikombe kile sitakisahau.

Kisha, taratibu: "Sitaki binti wa mtu afe kwa kujificha."

Nikamjibu kwamba nami sitaki msichana atoe mimba anayoitaka, eti kwa sababu hana wa kumsaidia kulea.

"Basi hapo tuko pamoja," akasema, macho bado kwenye kikombe.

Sheria hatukuigusa. Tungeigusa, mmoja angeinuka.

Nyie mnaopishana na ndugu zenu kwenye hili, mliwahi kupata pa kukutania? Niambieni, lakini humu tusitukanane tafadhali.