Kutoka gari linaposimama mpaka kitandani: hoteli zetu za Copenhagen na Stockholm, kabla na baada ya meli

Goti la kulia la mama halikunjiki vizuri tangu alipoteleza uani miaka minne iliyopita. Nalitaja mwanzo kabisa kwa sababu katika safari yetu ya Juni 2025 goti hilo ndilo lililostahili kuchagua hoteli, nami nilichelewa kulisikiliza.

Tuko wanne kwetu. Kaka yuko Minneapolis, dada yuko Muscat, mdogo wetu yuko Dar, mimi nipo Tanga na mama. Baba, Mungu amrehemu, alifanya kazi bandarini maisha yake yote. Mama amewapokea watu wa melini zaidi ya miaka arobaini, lakini chombo kikubwa alichowahi kupanda ni boti ya kwenda Pemba. Tukachanga miaka miwili. Tukampatia nafasi kwenye meli ya kitalii ya kifahari, si zile za watu elfu nne, hii ilikuwa ndogo, ya watu mia chache tu. Siku saba, kutoka Copenhagen mpaka Stockholm, kwa kupitia Visby, Tallinn na Helsinki. Nikateuliwa mimi kumsindikiza.

Mambo ya melini yalipangwa na wenyewe. Kilichobaki mikononi mwangu ni siku mbili za kabla na siku mbili za baada, na hizo ndizo zilizoninyima usingizi.

Kwanza niseme juu ya viza, maana wenye pasipoti kama yetu hatuchagui hoteli kwa macho peke yake. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, inataka uoneshe utalala wapi kila usiku usio wa melini, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Siku unazoombea lazima zijumuishe zile za hoteli, si za meli tu. Kwa hiyo nilikata hoteli zinazoruhusu kufuta bila kutozwa, zote mbili. Safari yetu yote ilikuwa ndani ya Schengen, viza moja ikatosha. Meli yako ikitia nanga Uingereza utahitaji viza yao pia, na ile ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utashuka Uingereza ukashindwa kurudi.

Sasa Copenhagen. Nilichagua kwa picha. Nyumba ya zamani, kichochoro karibu na Nyhavn, ule mfereji wenye nyumba za rangi uliochimbwa miaka ya 1670. Nilijua meli nyingi hufunga gati Langelinie, kule kwenye sanamu ya nguva, nikapima kwenye ramani nikaona ni kama kilomita mbili. Nikajisifu kwa kupata hoteli ya karibu. Kroni za Denmark 2,100 kwa usiku, zaidi ya laki nane zetu.

Kutoka uwanja wa ndege hapakuwa na tabu yoyote. Metro yao haina dereva, inatembea usiku na mchana, na kila kituo kina lifti. Chini ya robo saa tulikuwa Kongens Nytorv, kituo cha karibu na Nyhavn. Tabu ilianza tulipotoka juu. Ile mitaa mizuri ya kwenye picha imetandikwa mawe, na mawe yale yana mianya inayomeza tairi la sanduku. Sanduku la mama lilipoteza tairi moja kabla hatujafika nusu ya njia. Nikawa naliburuta huku limeinama, yeye nyuma yangu na bakora, watu wa baiskeli wanatupita pembeni.

Tangazo la hoteli lilisema kuna lifti. Ni kweli ilikuwepo. Lakini kutoka mlango wa barabarani mpaka kwenye lifti kulikuwa na ngazi nane za mawe, nyembamba, zimelika katikati kama kibao cha mbuzi kilichozeeka, na upande mmoja tu ndio wenye chuma cha kushika. Upande wa kushoto. Goti bovu la mama ni la kulia, na mkono wake wenye nguvu ni wa kulia. Alisimama akazitazama. Kisha akageuka mgongo, akashika chuma kwa mkono wa kulia, akapanda kinyumenyume, ngazi moja moja, mimi nimemshika kiuno. Alipofika juu alikaa kwenye sanduku akasema, "Mwanangu, nyumba hii waliijenga wakiwa vijana."

Alizipanda hivyo mara tatu siku ile ya kwanza, maana chakula kilikuwa nje.

Chumba kilikuwa kisafi, sina la kusema. Ila kidogo, na kitanda chao cha watu wawili ni vitanda viwili vilivyosogezwa, kila mtu na duveti lake. Hilo mama alilipenda mno, anasema ndiyo dawa ya ndoa. Mashine ya kupoza hewa hapakuwa, na tulipofungua dirisha kelele za wanywaji wa Nyhavn zikaingia mpaka saa nane usiku. Na giza nalo haliji. Mwezi wa sita kule magharibi inaingia karibu saa nne usiku, na saa kumi na nusu alfajiri jua limeshachomoza. Pazia lao lilikuwa jepesi. Mama akawa ananiuliza kila saa, "Kumekucha?" Sala alizikusanya kama msafiri, baada ya kunitaka nihakikishe kwenye simu kibla kiko wapi. Tanga tunaelekea kaskazini, Copenhagen unaelekea kusini-mashariki, na kwa siku ya kwanza mwili wake ulikataa kuamini.

Asubuhi ya pili, nikinywa chai, ndipo nilipofungua ratiba ya bandari. Copenhagen Malmö Port, wenye kuendesha bandari, huiweka mtandaoni, meli kwa meli, gati kwa gati. Meli yetu haikuwa Langelinie. Ilikuwa Oceankaj, kule juu Nordhavn, mbali na katikati ya mji. Ukaribu niliokuwa nimeulipia ulikuwa wa gati lisilo letu. Ingenichukua dakika tano kuangalia nikiwa Tanga.

Nilikaa na ile simu nikajisikia vibaya sana. Si kwa sababu ya hela. Ni kwamba mama alikuwa kitandani anajikanda goti kwa mafuta ya karafuu, na hakulalamika.

Siku ile tulipokuwa tunazunguka polepole niliitumia kuangalia kile nilichopaswa kukiangalia mwanzo. Copenhagen ina hoteli ndani ya maghala ya zamani kwenye maji, kama Admiral, ghala la mwaka 1787, na ile ya Nyhavn namba 71, ghala la 1804. Zina mvuto wake, na anayezitaka aulize habari za ngazi kwanza. Lakini kwa mgeni anayefika na mzee baada ya safari ndefu ya ndege, mimi leo ningelala karibu na Hovedbanegården, stesheni kuu. Treni ya uwanja wa ndege inafika pale, barabara ni pana, teksi inasimama mlangoni, na bustani ya Tivoli, iliyofunguliwa 1843, iko ng'ambo ya barabara. Pale pale kuna lile jengo refu la hoteli, lililofunguliwa kama SAS Royal mwaka 1960, ambalo msanifu Arne Jacobsen alilichora lote, mpaka viti na vijiko. Sikulala humo. Nasema tu kwamba jengo la 1960 limezaliwa na lifti, la 1780 limeongezewa lifti pale ilipopatikana nafasi.

Tena, usiku wa kabla ya meli hauhitaji fahari. Umechoka, unataka kitanda, pazia zito na njia fupi. Kesho yake utaingia kwenye fahari yenyewe. Hela ziwekewe hoteli ya mwisho wa safari.

Na mwisho wetu nilikuwa nimeupanga Gamla Stan, mji mkongwe wa Stockholm. Vichochoro, mawe, nyumba za miaka mia tatu. Kosa lile lile! Usiku wa pili wa Copenhagen, mama akiwa amelala, nilifuta ile hoteli, nikaandikia nyingine tano za Stockholm swali moja: kutoka gari linaposimama mpaka kitandani kuna ngazi ngapi? Si "mna lifti?" Wote wana lifti. Nikaongeza la pili: tukishuka melini saa mbili asubuhi, tutawekwa wapi mpaka chumba kiwe tayari?

Mbili hazikujibu. Mbili zilisema zina lifti. Moja ilijibu: hakuna ngazi, hii hapa picha ya mlango, na chumba tutajitahidi kiwe tayari mapema, kisipokuwa tayari mama atapata mahali pa kupumzika penye sofa. Ilikuwa upande wa Nybroviken, ghuba ndogo katikati ya mji. Kroni za Sweden 2,900 kwa usiku, ambazo ni karibu laki nane. Yaani bei ileile ya kichochoro chetu cha Nyhavn, au pungufu kidogo. Nilishangaa mpaka nilipoelewa tarehe. Hoteli za Stockholm hutegemea sana watu wa biashara, na wikiendi ile hawakuwepo. Nitafika huko.

Meli nitaipita haraka. Mama alihudumiwa kama malkia, alikula samoni asubuhi na jioni, na alikaa sebuleni mbele akitazama maji kama aliyerudishiwa kitu chake. Jambo moja la Helsinki lazima nilitaje: tuliingia msalani kwenye mkahawa, na pembeni ya choo kukawa na mpira wa maji wa kujisafishia, kama nyumbani. Wafini wanao mpaka majumbani mwao. Mama alitoka anacheka, akaniambia nimwandikie dada Muscat sasa hivi. Copenhagen alikuwa anatumia kopo alilolibeba kutoka Tanga, limefungwa ndani ya kanga. Wenzangu mnaosafiri na wazee, bebeni kopo.

Tulifika Stockholm Ijumaa tarehe 20 Juni. Meli yetu kwa udogo wake iliingia mpaka mjini, gati la Stadsgården chini ya mwamba wa Södermalm. Baadhi ya zile kubwa huishia Nynäshamn, karibu kilomita sitini kusini, na kutoka huko ni mwendo wa saa nzima kwa treni, kwa hiyo hapa pia gati lijulikane kabla ya hoteli. Saa tatu asubuhi tuko kwenye teksi, na mji mtupu. Maduka yamefungwa. Nikadhani kuna msiba wa kitaifa. Dereva akatueleza: leo mkesha wa Midsommar, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, kila mwenye nyumba shambani au kisiwani ameshaondoka. Ijumaa hiyo huangukia kati ya tarehe 19 na 25 Juni kila mwaka. Ukishuka melini siku hiyo, chagua hoteli yenye jiko lake mwenyewe na uwaulize kama litakuwa wazi, kwa sababu migahawa mingi haitakuwa.

Gari lilisimama. Mlango wa kioo ukafunguka wenyewe. Sakafu sawa, zulia, lifti, zulia, mlango wa chumba. Mama alihesabu kwa sauti tangu kwenye gari, "Sufuri, sufuri, sufuri," mpaka akakaa kitandani. Chumba kilikuwa tayari saa nne. Pazia lilikuwa zito kama turubali. Alilala mpaka adhuhuri, usingizi ambao Copenhagen haikumpa.

Alasiri tulipanda tramu namba 7 pale Nybroplan. Sakafu yake iko chini, unaingia kama unavuka kizingiti. Tukashuka Skansen, makumbusho ya wazi yaliyoanzishwa 1891, na tukawakuta wamesimamisha mlingoti umevikwa majani na maua, wakubwa kwa watoto wanauzunguka wakiimba, wanawake wamevaa mataji ya maua. Bibi mmoja alimsogezea mama nafasi kwenye benchi bila kuulizwa, kisha akampa stroberi kwenye sahani ya karatasi. Hawakuwa na lugha moja. Walikaa pamoja karibu saa nzima.

Jumamosi tulitembea kwa miguu mpaka Grand Hôtel, ipo hapo jirani, imetazamana na kasri la mfalme tangu 1874. Nikamwambia mama kwamba washindi wa Nobeli hulazwa hapa. Akauliza habari za Mzanzibari wetu, Abdulrazak Gurnah. Nikamweleza kuwa mwaka wake, 2021, kulikuwa na korona, nishani alikabidhiwa London. Alinyamaza kidogo, kisha akataka nimpige picha pale mbele, amesimama, bila bakora. Bakora niliishika mimi.

Jioni ya mwisho hakutaka kwenda popote. Hatua chache kutoka mlango wa hoteli kuna benchi linalotazama maji, na boti nyeupe za visiwani zilikuwa zinarudi na watu wa mapumziko, majani na maua yamekauka vichwani mwao. Alikuwa anataja kila boti kama alivyokuwa akifanya bandarini kwetu: hii imejaa, hii imechelewa, hii nahodha wake mzoefu, tazama anavyoigusisha gati. Saa tatu usiku ilifika na jua bado lipo. Nikamwambia tuingie, kesho tuna ndege. Akasema nitangulie mimi, yeye njia anaijua, haina ngazi.