Boksi la oksijeni kwenye boti lina dakika ngapi?

Watu wakija kupiga mbizi huku visiwani wanauliza kama boti ina oksijeni ya huduma ya kwanza, ya kumpa mpiga mbizi akitoka majini anaumwa, na kila senta ya mbizi itakujibu ipo, na kweli utaliona lile boksi limekaa chini ya malaifjaketi. Mi naomba tuzoee kuuliza swali la pili: ina dakika ngapi? Manake silinda ndogo inayobebeka yenye lita 425 za gesi, ukimfungulia mgonjwa lita 15 kwa dakika kama inavyotakiwa kwa maski ya kawaida yenye kifuko, inaisha kwenye dakika 28. Ile kubwa kidogo ya lita 640 inafika kama 42, basi.

Sasa chukua Mafia. Mtu amepiga mbizi kwenye mwamba wa Tutia kule kusini, amepanda juu, baada ya muda anasema bega linauma, vidole vinawasha, amechoka uchovu ambao sio wa kawaida. Kutoka Tutia mpaka kijiji cha Utende kwa boti ya mbao ni zaidi ya saa nzima, hapo bahari ikiwa nzuri, na ukitoka Utende bado una barabara mpaka Kilindoni kwenye uwanja wa ndege, halafu usubiri ndege, na Mafia chemba ya presha ya kutibia wapiga mbizi hamna, ile tunayoijua watu wa huku iko Matemwe, Unguja. Kwa hiyo boksi la dakika 28 linakuishia hata minazi ya Utende hujaiona vizuri. Kisheria boti ina oksijeni lakini mgonjwa wako hana.

Kwa nini naisisitiza hivi? Ukiwa chini, presha inaifanya nitrojeni ya kwenye hewa unayovuta iyeyuke kwenye damu na kwenye nyama za mwili, ukipanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuitoa inageuka mapovu. Yakikaa kwenye kiungo unaumwa, yakikaa kwenye uti wa mgongo miguu inakufa ganzi na mkojo unagoma kutoka. Hewa ya kawaida ni nitrojeni 78%, sasa mgonjwa akiendelea kuivuta hiyohiyo, nitrojeni iliyoko mwilini inatoka taratibu mno. Ukimpa oksijeni tupu, mapafu yake hayana nitrojeni tena, ile ya kwenye mapovu inapata njia ya kutoka kwa kasi, mapovu yanasinyaa, na wakati huohuo zile sehemu zilizozibiwa damu zinapata oksijeni angalau kidogo. Sio habari mpya hii, Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba yale mapovu ni nitrojeni na kwamba oksijeni inasaidia.

Halafu kuna utafiti wa 2007 wa John Longphre na wenzake, walipitia ripoti 2,231 za wapiga mbizi walioumia. Waliopewa oksijeni ya huduma ya kwanza walikuwa 47% tu, hawafiki hata nusu! Na nusu ya hao walikaa saa nne au zaidi baada ya kutoka majini ndo wakaipata. Waliopewa, 14% dalili ziliisha kabisa kwa oksijeni peke yake na 51% walipata nafuu. Saa nne jamani, na wakati mwingine sio kwamba oksijeni haikuwepo, ni mtu anakataa, anasema nimelala vibaya, nimebeba mitungi mizito, nipeni panadol. Ukimhisi mtu ana dalili mpe, asibishane, oksijeni ya saa moja mbili haitamdhuru, na akipata nafuu bado anaenda kwa daktari, manake dalili zinarudi.

Tukirudi kwenye dakika, hesabu yenyewe ni rahisi na ningependa kila kapteni aijue: ujazo wa silinda kwa lita zidisha na bar (kipimo cha presha) zilizoko kwenye geji. Silinda ya lita 5 yenye bar 200 ni lita 1,000 za oksijeni, kwa lita 15 kwa dakika ni saa moja na dakika chache. Na kumbuka mgonjwa alikuwa na mwenzake chini kina kilekile muda uleule, kwa hiyo panga kwa watu wawili.

Unaweza kuzirefusha hizo dakika. Vali inayotoa gesi pale mgonjwa anapovuta pumzi tu, kama regyuleta ya mbizi yenyewe, kile kifaa cha kupumulia majini, haimwagi oksijeni hewani, na mtu aliyelala ametulia anavuta kama lita 8 hivi kwa dakika, ile silinda ya lita 1,000 inakupeleka saa mbili. Maski yenyewe ishikwe ibane uso, mwenye ndevu nyingi mbane vizuri zaidi. Lakini hiyo vali inamtaka mgonjwa mwenye fahamu anayepumua vizuri, asiyepumua unahitaji maski ya kumpulizia yenye tundu la oksijeni, na mtu aliyefundishwa. Kwa visiwa vya mbali kama vyetu mi napenda zaidi mifumo ya kuzungusha pumzi, kama Wenoll ya Wajerumani: mwili uliotulia unatumia oksijeni kidogo sana, nyingi unaitoa ilivyo, sasa mfumo unachuja kaboni dayoksaidi kwa chokaa maalumu na kumrudishia ileile oksijeni, silinda ndogo inakaa masaa. Bei yake inauma, na chokaa ina muda wa kuisha matumizi, ila kwa Mafia au Pemba naona ndo kitu chenyewe.

Uangalizi pia. Mafuta na oksijeni ya presha ni moto, kwa hiyo mikono yenye mafuta ya nazi au sanskrini isiguse vali, fungua polepole, sigara mbali. Geji isomwe kila asubuhi kabla nanga haijang'olewa.

Kuna jambo linanikaa rohoni zaidi ya yote, wavuvi wetu. Vijana wanaoshuka na mitungi kutafuta majongoo bahari, mara nyingi bila saa, bila mafunzo, wanashuka tena na tena siku moja, ndo wanaopooza, na mahoteli yenye oksijeni yako kilomita chache tu kutoka kijijini kwao. Wanaogopa kwenda kwa sababu kazi yenyewe inakatazwa. Mwambieni kijana aje, oksijeni haiulizi leseni. Na nyie wenye masenta nendeni mkaongee na zahanati ya karibu, muulize silinda zao zina kichwa cha aina gani, kwa sababu nyingi za hospitali hazifungi kwenye regyuleta ya boksi lenu la mbizi, na adapta ya kuziunganisha inunuliwe sasa, ikae ndani ya boksi.