Mapu sensa ya Corolla yangu haikuwa imekufa, ni Dodoma tu iko juu

Wenye Corolla 110 yenye injini ya 5A naombeni mnisikilize, maana hili jambo limenitesa wiki tatu nzima na kidogo tu hela iniponyoke bure.

Gari ilianza kunywa mafuta. Natoka Nkuhungu naenda kazini Mtumba na kurudi, mshale unashuka hivi hivi unauona, nikisimama sailensi (ule muungurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, ekzosi inatoa moshi mweusi, na nilipofungua plagi zote nne nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Taa ya cheki injini haikuwaka hata siku moja.

Nikaenda gereji, fundi hakuzunguka, akasema mapu sensa. Kwa asiyeijua, gari nyingi za miaka ya 90 hazina kile kidude cha kupima hewa pale mbele kwenye filta, zenyewe zinapima presha iliyoko ndani ya manifodi, yaani bomba linalopeleka hewa kwenye injini, na kinachopima ndiyo hiyo mapu sensa. Sensa yenyewe ni kaboksi kadogo keusi kana nyaya tatu, mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja hasi, wa tatu ndio unarudisha majibu. Injini ikiwa sailensi inavuta sana, presha ya ndani inakuwa ndogo na volti zinashuka, ukikanyaga mafuta presha inapanda, volti nazo zinapanda, kompyuta inaongeza mafuta kwenye nozeli.

Basi fundi akapima, swichi iko on lakini injini haijawashwa, mita ya umeme ikasoma volti 3.2. Akaniambia kaka kitabu kinataka 3.3 mpaka 3.9, hii imekufa, tafuta laki na nusu.

Nikarudi nyumbani sina raha. Usiku nikawa nawaza, injini ikiwa imezimwa si kwenye manifodi kuna hewa ya nje tu, hii hii tunayovuta? Na Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya bahari. Dar presha ya hewa ni kama kilopaskali 101, huku kwetu ni 88 au 89 hivi. Sasa hiyo sensa maskini itoe wapi 3.6 ya pwani? Ilikuwa inasema kweli tupu, na tulitaka kuitupa kwa sababu hiyo. Iliniuma sana hii, nikajiuliza ni sensa nzima ngapi zimeishia kwenye ndoo za gereji za huku juu.

Asubuhi nikaazima mita kwa jirani nikafungua boneti. Kuna mpira mwembamba wa vakyumu (wa kupitisha ule mvuto wa injini) unatoka kwenye manifodi kwenda kwenye sensa, katikati una kifilta kidogo cha plastiki. Nikaukunja kwa vidole pale unapochomekwa, ukafunguka kama mdomo! Mpasuko mwembamba, ukiunyoosha huuoni kabisa, mpira umekauka kwa joto la miaka yote hiyo. Nikawasha, sailensi mita inasoma 2.2, nikabana pale kwa kidole ikashuka mpaka 1.6 na muungurumo ukatulia palepale, nikaachia ukaanza tena kuyumba. Yaani hewa ya nje inaingia, sensa inapata presha kubwa kuliko ya kweli, kompyuta inadhani nimekanyaga mafuta na yenyewe inamwaga. Na taa isingewaka, kwa sababu kodi 31, ile namba ya hitilafu ya mapu sensa kwenye kompyuta, inakuja waya ukikatika au volti zikipitiliza kabisa, sasa hapa nyaya zote nzima.

Mpira mpya nimenunua Majengo elfu tatu. Chukua mgumu wa vakyumu, ule laini wa maji unajifinya ukivutwa.

Moshi umekata, plagi zimeanza kuwa na ile rangi ya udongo. Wiki iliyopita nilishuka Dar, nikapaki Kariakoo, nikawasha swichi bila kuwasha injini nikachomeka mita kwenye sensa ile ile: 3.6.